Mti Uliomo Chunguni

Zamani katika miji yetu ya pwani nyumba haikuhesabiwa kuwa imetimia mpaka iwe na kitu kinachonukia uani. Mwenye nafasi ndogo alikuwa na mrehani na shina moja la asumini. Mwenye nafasi kubwa aliongeza mhina, mwaridi, mkomamanga, na pengine mlangilangi karibu na ukuta. Wala haya hayakuwa mapambo matupu. Kwayo yalitungwa makoja ya maharusi na vikuba vya wanawake kutia nguoni mwao majumbani, na jirani aliyekuja kumtazama mzazi hakuondoka mikono mitupu.

Leo wengi wetu, khasa hapa Mombasa, twakaa ghorofani. Ua haupo. Kilichobaki ni roshani ya upana wa hatua mbili, au sakafu ya paa iliyojaa matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Basi maua yamehamia vyunguni, katika ndoo zilizopasuka na makopo ya mafuta ya kupikia. Na pamoja nayo imetufikia sanaa ambayo wazee wetu hawakuijua, nayo ni kuulea mti mkubwa ukabaki mdogo ndani ya chombo kilicho kama sinia. Vijana waniuliza mara kwa mara juu ya haya, kwa kuwa wajua kwamba juu ya paa letu mna vyungu arubaini na kitu. Nimeona ni kheri niandike mara moja.

Neno la kwanza, na kwangu mimi ndilo la msingi, ni kuwa mmea ulio ardhini na mmea ulio chunguni hali zao si moja. Ulio ardhini, ukikosa maji juu, mizizi yake huyatafuta chini. Ukikosa chakula huku, hukifuata kule. Riziki yake haiko mikononi mwako. Ama ulio chunguni, wewe umeufunga. Mizizi yake imekwisha gonga ukuta pande zote, na kiasi cha udongo ulichoupa ndio ulimwengu wake wote. Twaijua sote khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Sisemi kuwa mti ni sawa na paka, maana mti hauna roho ya kulia njaa, wala mimi si mufti. Nasema kuwa kila nionapo mwaridi umekauka ndani ya chungu cha thamani mlangoni pa mtu, khabari hiyo hunijia.

Kwa hiyo ajaye kwangu kuomba mche, simuulizi kama ayapenda maua. Nani asiyeyapenda? Humuuliza ni nani nyumbani kwake aamkaye alfajiri kila siku, na akisafiri ni nani atakayeshika nafasi yake. Asipokuwa na jawabu, humpa maua ya kukata akaenda nayo kwa furaha.

Sasa maji. Wengi hudhani kutia maji ni kunyunyiza kidogo kila wapitapo. Hilo hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi ikapanda juu kuyafuata, ikaungua kwa jua. Itie kidole chako udongoni mpaka kiungo cha pili: ukiona unyevu, uache, ukiona ukavu, tia maji mpaka yatoke chini ya chungu, kisha usiuguse tena mpaka ukauke. Wakati mwema ni baada ya sala ya alfajiri. Katika miezi ya kaskazi, upepo ukiwa mkavu na jua kali, vyombo vidogo vyahitaji tena baada ya alasiri. Wakati wa masika kazi yako hugeuka kuwa ni kuviinua vyungu ili maji yasisimame, kwani mizizi inayolala majini huoza, na dalili yake ya kwanza ni majani kuwa manjano. Hapo mtu asiyejua huona mmea unanyauka, akaongeza maji, akaumaliza.

Wenye kukaa kisiwani humu na kutumia maji ya kisima wana taabu yao ya pili, nayo ni chumvi. Maji yale tukiyaonja twayaona yana uchumvi kidogo tu. Lakini chunguni maji huondoka na chumvi hubaki, siku baada ya siku. Utaona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, na ncha za majani zimeungua kama zilizopitishwa motoni. Dawa yake ni mvua. Sisi tuna mapipa mawili chini ya mfereji wa paa, na kila mwezi, maadamu maji ya mvua yapo, kila chungu hupata ya kutosha kupita mara mbili tatu na kuiosha ile chumvi ikatoka chini. Kadhalika maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi kwetu, wala maji ya udhu. Bakuli huwekwa chini ya bomba, na atawadhaye huacha humo sehemu ya mmea. Maji ya sabuni hayamo katika hesabu hiyo.

Na visahani vya chini ya vyungu vimwagwe, visugu­liwe kila wiki bila kukosa. Yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, hataki ziwa, kisahani chamtosha. Mwaka 2018 mji huu ulipatwa na homa ya chikungunya, watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Haifai ua lako liwe sababu ya jirani yako kulala kitandani.

Ama udongo, msichukue kifusi cha nyumba za mawe. Ardhi yetu ni ya matumbawe, na kifusi chetu kimejaa chokaa, asumini hukichukia. Utaiona majani yake yanakuwa manjano lakini mishipa ya jani imebaki kijani, ndiyo alama ya kuwa chuma kimo udongoni na mmea hauwezi kukipata kwa sababu ya chokaa. Sisi huchanganya udongo mwekundu wa bara, samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha oza kabisa hata haina harufu, na mchanga wa mtoni ulio mnene. Vumbi la makumbi pia ni jema kwa kushika unyevu, bali lioshwe kwanza mara kadha, kwani makumbi mengi hufukiwa pwani na huja na chumvi yake.

Nitasimama kidogo juu ya asumini, kwa kuwa ndiyo malkia wa nyumba zetu na ndiyo iliyonifunza mengi. Asili yake ni nchi za upande wa Bara Hindi, lakini imekaa kwetu muda mrefu hata hatuihesabu kuwa ngeni. Yataka jua la nusu siku au zaidi. Asumini ya kivulini hurefuka, ikapanda juu ya kila kitu, na maua isitoe. Maua yake hutokea katika vichipukizi vipya, basi mwenye kuionea huruma asiikate ndiye anayejinyima. Kila baada ya msimu wa maua, sisi hupunguza kama theluthi ya matawi, tukatia samadi, na baada ya wiki chache matumba hujaa. Matumba huchumwa alasiri, yakiwa meupe na yamefumba bado. Baada ya magharibi hufunguka yenyewe ndani ya nyumba, juu ya kitambaa chenye unyevu, na chumba chote kikanukia. Ukingoja mpaka asubuhi umechuma mabaki. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba vimeshika chini ya majani, vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo sana, kisha suuza kwa maji matupu, na uwatazame sisimizi, kwa kuwa wao ndio huvibeba na kuvilinda kama mfugaji na mbuzi zake.

Asumini yetu ina khabari. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki, baba akiwa amemtangulia, tulirithi nyumba sisi ndugu watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Nyumba haigawiki vyumba. Ikauzwa, na fedha zikawa mafungu saba: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja, kama ilivyo sharia. Hakuna aliyenung'unika, alhamdulillahi. Lakini mnunuzi alitaka kiwanja, si nyumba. Akatupa miezi mitatu tuondoe vitu kabla ya kubomoa. Vyombo viligawiwa siku mbili. Siku ya tatu dada yetu mkubwa akasimama uani, akaitazama asumini iliyopandwa naye mama mwaka alioolewa, akasema, “Hii haikuandikwa katika karatasi ya mtu yeyote. Itakwenda kwa nani?”

Shina la namna ile, nene kama mkono, halihamishwi. Tukaliendea kwa njia nyingine. Tulichukua matawi marefu ya chini, tukayainamisha mpaka ardhini. Mahali pa kifundo tukakwaruza gome upande wa chini, tukafukia pale kwa udongo, tukaweka jiwe juu lisiinuke, na ncha ya tawi tukaiacha nje ipate hewa. Tawi huendelea kunyonya kwa mama yake huku likijitolea mizizi yake. Kazi hii hutaka miezi miwili au zaidi, nasi tulikuwa na mitatu. Dada zangu walipeana zamu kwenda kutia maji katika nyumba isiyo na mtu, madirisha yamekwisha ng'olewa. Tulifukia matawi kumi na mawili. Yaliyotoa mizizi ni tisa. Kila ndugu alipata moja, na manne tukawapa majirani waliokuwa wakichuma kwa mama siku zote. Wiki ya pili baadaye ukuta ukaangushwa.

Mkilua wa pale haukukubali. Vipande vyote tulivyokata vilikauka, na tawi tulilofukia likaoza. Nilisikitika zaidi kwa huo kuliko milango ya nakshi, kwa kuwa mkilua ni mti wa kwetu khasa, wa misitu ya pwani hii ya Kenya na Tanzania, wala hauonekani kila ua. Wataalamu wa mimea walipouandika rasmi mwaka 1970, hawakupata jina bora kuliko letu: kitabuni waitwa Mkilua fragrans, na aliyeuita hivyo ni Bernard Verdcourt, Mwingereza. Ni jambo la fahari kwa lugha yetu, na ni watoto wangapi wetu walijuao? Mkilua tulio nao sasa ni wa mbegu tuliyopewa na shangazi aliyeko Kilifi. Nao haupendi jua la wazi. Asili yake ni kukaa chini ya miti mikubwa, basi twauweka nyuma ya tangi, upate mwanga wa asubuhi tu.

Sasa nije kwenye miti midogo. Wajapani huiita bonsai, maana yake kilichopandwa katika sinia, na wao waliipokea sanaa hii kutoka China. Watu wengi hudhani kuna mbegu ya kibeti inayouzwa mahali. Hakuna. Ni mti ule ule wa msituni. Udogo wake watokana na udogo wa chombo na mkasi wa mleaji, juu na chini. Binti yangu, alipokuwa darasa la tano, alichukua mbegu za ukwaju jikoni, akaziloweka usiku mmoja, akazipanda katika kopo. Mkwaju, mti ambao chini yake kijiji kizima hukaa kivulini, sasa umepita miaka kumi kwetu na urefu wake ni shubiri mbili. Shina lake limekunjamana kama la mzee wake wa shambani, na kila magharibi majani hujifunga yakalala, kama yafanyavyo ya mkwaju mkubwa.

Jirani yetu mmoja mwenye umri aliuona siku moja, akakunja uso. Akaniambia, “Maalim, huku si kuulemaza mti? Mwenyezi Mungu ameuumba uwe mkubwa, nyinyi mwaufinya katika sahani.” Sikumjibu haraka, kwa kuwa neno lake si la kipuuzi. Nilimwambia, “Mzee wangu, twaukata mhina kila mwaka nao hustawi, twaukata mwaridi ndipo utoe, na mtende usipohudumiwa kwa mkono wa mtu hauzai vyema. Mkasi peke yake si dhuluma. Swali ni hali ya mti: una afya au unateseka?” Akauzunguka, akaona vichipukizi vipya, akashika majani. Akasema, “Una afya. Lakini ukiuacha siku tatu?” Nikamwambia utakufa. Akasema, “Basi hapo ndipo ninaposhikwa na khofu mimi.” Nami nakiri kuwa mzee yule aligusa mahali penyewe. Uhalali wa jambo hili na wajuzi waulizwe. Lakini upande wa uangalizi, mti wa sinia una haki kubwa zaidi kuliko ua lolote, kwa sababu udongo wake haujai vitanga viwili vya mikono.

Kwamba mti wa namna hiyo waweza kuishi, na kuishi sana, uko ushahidi wake. Katika bustani ya miti ya taifa la Marekani, mjini Washington, mna msonobari mmoja wa Kijapani ulioanza kulelewa chomboni mwaka 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki katika Hiroshima, yapata kilometa tatu kutoka mahali bomu la atomiki lilipoangukia tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa bustani uliukinga, ukasalimika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa watu wa Marekani, mmoja kati ya miti 53 iliyopelekwa na Wajapani, wala hakutangaza umepitia nini. Khabari hiyo ilijulikana huko mwaka 2001, wajukuu wake wawili walipokuja kuutazama. Hebu fikiri: karibu miaka 400, na katika muda huo wote, vitani na katika amani, hapakukosekana mtu wa kuutia maji.

Kwa anayetaka kuanza, mkwaju na mkomamanga ni miti mivumilivu na mbegu zake ziko jikoni. Mwaka wa kwanza na wa pili usiwe na haraka ya sinia. Uache mti katika kopo kubwa shina linenepe. Kisha, mvua za masika zikianza, utoe, ukate mzizi mkuu ushukao chini na kama theluthi ya mizizi mingine, uupande katika chombo kipana kisicho na kina chenye matundu, na uuweke kivulini wiki mbili. Baada ya hapo rudi juani. Kila tawi likifikisha majani matano au sita, lirudishe kwenye mawili. Kila miaka miwili rudia kazi ya mizizi. Wengine hufunga waya kuyapinda matawi. Ukifanya hivyo, utazame kila wiki, na waya uondolewe kabla haujazama ndani ya gome. Hapo ndipo maneno ya jirani yetu huwa kweli.

Na waridi la jangwani, lile lenye tumbo nene na maua mekundu, ambalo siku hizi laonekana kila roshani: ni zuri, lavumilia kiu kuliko yote, nalo ni mmea wa nchi zetu na wa Arabuni. Lakini utomvu wake ni sumu, hata wawindaji wa kale waliutia mishaleni. Nyumba yenye mtoto atambaaye isiuweke chini. Wala msinunue uliong'olewa porini. Hukua upesi kwa mbegu.

Binti yangu ameolewa mwaka huu, amehamia Nairobi. Tulizungumza sana juu ya mkwaju. Alitaka kwenda nao, ni wake. Lakini baridi ya Julai ya kule si ya mkwaju, na nyumba yao yatazama kusini, haipati jua la kutosha. Alifikiri siku kadha, kisha akauacha kwa ndugu yake mdogo, akamwandikia karatasi ya siku za samadi na siku za mizizi, akachukua mche wa asumini ya bibi yake ndani ya kopo, akaupakata njia nzima. Kijana ameishika kazi. Kila alfajiri namsikia ngazini na kata yake kabla ya kwenda shule. Juzi ameniuliza kama ataweza kukata tawi moja ambalo aliona limekaa vibaya. Nimemwambia angoje masika.